Aliyeshinda mara nne mfululizo: uchambuzi wa kisa cha handikapu katika ligi ya gofu ndogo

Ligi ya gofu ndogo (minigolf) inayozungumziwa hapa ilikuwa na wachezaji 20 waliokutana jioni moja kila wiki kwenye uwanja wa mashimo 18. Walicheza kwa makundi matano ya watu wanne wanne, makundi yote yakianza kwa wakati mmoja kutoka mashimo tofauti ili watu wasipange foleni kwenye shimo la kwanza. Zawadi ya fedha haikuwepo. Bingwa alikabidhiwa kikombe akakaa nacho mpaka msimu uliofuata, basi. Hata hivyo, wiki ya saba ilipomalizika, watu sita walikuwa wametia saini barua ya kutishia kujitoa, na mchezaji mmoja mpole, ambaye hakuwahi kugombana na mtu, alikuwa anaitwa mdanganyifu pembeni.

Kamati iliniomba nizipitie kadi za mapigo na kutoa maoni. Nakieleza kisa kwa urefu kwa sababu naamini ligi nyingi za kujifurahisha zina kasoro hii hii ndani ya kanuni zao bila kuijua, na kasoro hii huumiza watu wasio na kosa.

Kanuni zilivyokuwa

Msimu ulikuwa wa wiki 11. Wiki tatu za mwanzo zilikuwa za kupimana, hazina alama. Baada ya hapo kila mchezaji alipewa handikapu, yaani mapigo anayopunguziwa ili mdhaifu na hodari waweze kushindana. Hesabu ilikuwa hivi: chukua wastani wa mchezaji katika zile wiki tatu, toa 36 (kila shimo la uwanja ule huhesabiwa kuwa la mapigo mawili), kisha chukua asilimia 80 ya tofauti hiyo. Ni njia ya kawaida, na ligi za bowling zimekuwa zikitumia ya aina hii kwa muda mrefu: kiwango cha msingi kisichobadilika na asilimia ya pengo.

Kuanzia wiki ya nne, mapigo halisi yalitolewa handikapu, na wachezaji wakapangwa kwa mapigo yaliyobaki, mwenye machache zaidi akiwa wa kwanza. Wa kwanza alama 20, wa pili 19, hadi wa mwisho alama 1.

Kanuni hazikugusa mambo mawili. La kwanza, handikapu ikishatolewa wiki ya tatu ilibaki ile ile hadi mwisho wa msimu. La pili, hapakuwa na kikomo cha mapigo kwenye shimo moja. Mchezaji aliendelea kupiga mpaka mpira uingie, hata kama ni pigo la kumi na mbili.

Tuhuma

Mlalamikiwa, tumwite hivyo, alipata mapigo 49, 55 na 52 katika wiki za kupimana. Wastani 52, tofauti na 36 ni 16, asilimia 80 yake ni 12.8, akapewa handikapu ya 13. Bingwa wa msimu uliopita alikuwa na 38, 39 na 38, akapewa 2.

Wiki nne zilizofuata mlalamikiwa alipiga 45, 44, 46 na 43. Ukitoa 13 unapata 32, 31, 33 na 30. Bingwa alipiga 37, 39, 38 na 38, yaani 35, 37, 36 na 36 baada ya kupunguziwa. Mlalamikiwa alimshinda kila wiki, mara mbili kwa tofauti ya mapigo sita, na akawa wa kwanza wa ligi nzima mara zote nne. Alama 80 kati ya 80.

Sasa jiweke mahali pa bingwa. Ni mtu anayefika mapema kufanya mazoezi, anayejua ukingo upi umelegea na zulia la shimo gani lina mkunjo. Anapiga 37, mchezo safi kabisa, na anashindwa na mtu aliyepiga 45. Kisha anakumbuka kwamba mtu huyo alicheza vibaya zile wiki tatu tu ambazo hazikuwa na alama. Hasira yake naielewa. Watu walioandika ile barua hawakuwa wachochezi. Walikuwa wanaona kitu ambacho kwa nje kinafanana kabisa na kuficha makucha. Walidai alama zake zifutwe, handikapu yake ishushwe hadi 5, na aitwe mbele ya kamati ajieleze.

Dai hilo la mwisho ndilo nililoomba lisitishwe kwanza. Ukimwita mtu ajieleze kabla hujasoma kadi zake, umeshamhukumu mbele ya wenzake, na akitoka hapo bila hatia hakuna kinachomrudishia alichopoteza. Isitoshe, atajieleza vipi? Atasema alicheza vibaya kisha akacheza vizuri. Ndicho hicho hicho wanachomtuhumu nacho.

Kadi zinasema nini

Katibu wa ligi alikuwa amezihifadhi kadi zote, si jumla tu. Namshukuru sana, kwa sababu jumla peke yake isingesaidia kitu. Ligi nyingi hunakili namba ya mwisho kwenye daftari na kadi zikatupwa jioni ile ile. Kadi inaonyesha shimo kwa shimo, na shimo kwa shimo ndipo ukweli ulipo.

Nilianza kwa swali hili: mtu anayeficha uwezo wake huuficha wapi? Kwa kawaida huusambaza. Pigo moja la ziada hapa, jingine pale, mpira unaopita pembeni kidogo ya shimo ambalo angeliweza. Anataka namba kubwa isiyovuta macho. Kwa hiyo nikatafuta mashimo ambayo mlalamikiwa alikuwa mbaya wiki za kupimana na akawa mzuri ghafla baadaye.

Nikapata moja tu. Shimo la 14.

Shimo hilo ni mlima. Zulia linapanda hadi kwenye kilele chembamba, kisha linashuka kidogo kuelekea kikombe, yaani tundu la kuingizia mpira. Mpira ukipigwa kwa nguvu pungufu, hata kama ni kidogo tu, unafika karibu na kilele, unasita, halafu unarudi wote mpaka miguuni mwa mpigaji. Ukipigwa kwa nguvu iliyozidi, unaruka kikombe, unagonga ukuta wa nyuma na kurudi upande wa pili wa kilele, na safari inaanza upya. Katika kadi za wiki tatu za mwanzo mlalamikiwa aliandikiwa hapo 9, 12 na 10. Ile 12 imebanwa ndani ya kisanduku kilichotengenezwa kwa tarakimu moja, na mwandikaji, ambaye alikuwa mwenzake wa kundi, ameipigia mstari chini, nadhani ili katibu asidhani ni makosa ya kalamu.

Ondoa shimo la 14 na uyaangalie mashimo 17 yaliyobaki. Wiki za kupimana alipata 40, 43 na 42. Wiki zenye alama alipata 42, 41, 43 na 40. Wastani wa kwanza ni 41.7, wa pili ni 41.5. Ni mchezaji yule yule, hajapanda wala hajashuka. Kilichobadilika ni kwamba kwenye shimo la 14 alianza kupata 3, kila wiki, mara nne mfululizo.

Wenzake wa kundi walieleza sababu bila hata kuulizwa kwa ukali. Baada ya wiki ya tatu kijana mmoja wa kundi lake alimwambia, "Mzee, unaupiga katikati kwa hasira. Uweke kushoto kabisa mwa mkeka, uulenge ule ukingo wa kulia kabla ya kilele." Mpira ukigusa ukingo hupoteza mwendo kidogo na kuvuka kilele ukiwa umechoka, na hapo hauruki tena kikombe. Unaweza kuupiga kwa nguvu zaidi bila woga. Kwa mtu aliyekuwa akiteseka pale, hayo yalikuwa maarifa ya mapigo saba kwa jioni moja.

Niliangalia pia kadi za wengine, na hapa ndipo kisa kilipogeuka machoni pangu. Wachezaji wengine watano walikuwa na 8 au zaidi kwenye shimo hilo hilo katika wiki za kupimana. Nao handikapu zao zilikuwa zimevimba. Tofauti ni kwamba wao waliendelea kuteseka pale wiki baada ya wiki, hivyo mapigo ya ziada waliyopewa yaliliwa na mlima huo, na hakuna aliyelalamika. Kasoro iliwapa wote sita faida ya bure. Aliyejifunza kupita ndiye pekee aliyetuhumiwa. Na wawili kati ya hao watano walikuwa wametia saini ile barua. Sisemi hivyo kuwasuta, maana hawakuwa na namna ya kujua.

Kikomo cha mapigo

Katika mashindano yanayofuata kanuni za shirikisho la dunia la minigolf, WMF, mchezaji akipiga mara sita bila mpira kuingia, anaandikiwa 7 na kuendelea na shimo linalofuata. Viwanja vingi vya burudani vimechapisha kikomo cha sita kwenye kadi zao. Watu hudhani kanuni hii ipo kwa ajili ya muda peke yake. Kweli inaokoa muda, na katika ligi hii iliokoa mwingi: makundi yote yakiwa uwanjani kwa pamoja, mtu mmoja akikwama kwenye mlima, kundi la nyuma linasimama, la nyuma yake linasimama, na baada ya dakika chache uwanja mzima unamtazama. Kutazamwa huko kunamfanya apige vibaya zaidi.

Ila kazi yake kubwa ni kwenye handikapu. Wastani hauna uwezo wa kutofautisha udhaifu wa kudumu na ajali ya shimo moja. Gofu kubwa imeliona hili zamani. Mfumo wa dunia wa handikapu ulioanza kutumika mwaka 2020 huweka kikomo kwa kila shimo kabla ya namba kuingia kwenye hesabu: mapigo mawili juu ya kiwango cha shimo, ukiongeza yale ya fidia anayopewa mchezaji kwenye shimo hilo. Tena mfumo huo hauchukui wastani wa michezo yote. Unachukua 8 bora kati ya 20 ya mwisho, kwa hiyo jioni mbaya haimpi mtu faida. Ligi ya wiki 11 haiwezi kusubiri michezo 20, lakini kikomo inaweza kukiweka kesho asubuhi.

Nilizirudia hesabu za mlalamikiwa kwa kikomo cha 6. Hakuwa na shimo jingine lililozidi sita, kwa hiyo ni shimo la 14 tu linalobadilika. Wiki za kupimana zinakuwa 46, 49 na 48. Wastani 47.67, tofauti 11.67, asilimia 80 ni 9.3. Handikapu inakuwa 9 badala ya 13. Kisha nikazirudia zile wiki nne kana kwamba ndiyo handikapu aliyokuwa nayo: 36, 35, 37 na 34, dhidi ya 35, 37, 36 na 36 za bingwa. Kila mmoja anashinda mara mbili.

Niliwaonyesha wanakamati karatasi hiyo na wakakaa kimya kwa muda. Mapigo yale yale, watu wale wale, jioni zile zile. Mstari mmoja tu wa kanuni.

Kuna waliopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema mchezo ni kuingiza mpira, na kumwambia mtu aokote mpira akiwa na sita ni kumpa zawadi ya mapigo ambayo hajayalipia. Kwenye mashindano ya mabingwa ningesikiliza zaidi. Katika ligi ya kujifurahisha, mtu aliyefika sita kwenye shimo la mapigo mawili ameshaadhibiwa vya kutosha. Mapigo manne zaidi ya jumla ndiyo tofauti kati ya wa tatu na wa kumi na tano kwa jioni ile. Kinachoongezwa baada ya hapo ni aibu.

Wastani unaotembea

Kikomo kingetosha kwa zile wiki nne, lakini kisingetosha kwa msimu wote, kwa sababu mlalamikiwa kweli amejifunza na hatarudi alikokuwa. Handikapu iliyogandishwa wiki ya tatu humlipa mtu kwa kujifunza, na kadiri anavyojifunza ndivyo anavyozidi kuchukiwa. Hilo haliwezi kuwa lengo la ligi.

Nilipendekeza wastani wa michezo mitano ya mwisho, unaohesabiwa upya kila wiki. Kwa mlalamikiwa, kuingia wiki ya nane, michezo hiyo mitano ni 48, 45, 44, 46 na 43. Wastani 45.2, tofauti 9.2, asilimia 80 ni 7.4, handikapu 7. Ile 9 ya kugandishwa ingekuwa imezidi kwa mapigo mawili, na mapigo mawili kwa jioni moja ni mengi katika mchezo ambao mtu wa 38 na mtu wa 39 wanaheshimiana kama sawa.

Kwa nini mitano? Mitatu ni michache, jioni moja ya mvua inaivuruga. Kumi ni karibu msimu mzima. Mitano inamfuata mtu bila kumkimbiza. Ni uamuzi wa busara tu, na ligi yenye msimu mrefu inaweza kuchagua vingine.

Asilimia 80 niliomba ibaki. Baadhi walitaka 100 kwa jina la usawa. Ukitoa 100, mtu wa 38 na mtu wa 45 wanaingia uwanjani sawa kabisa kwa wastani, na mdhaifu, ambaye kwa kawaida namba zake hupanda na kushuka zaidi, ndiye atakayekuwa na zile jioni chache za ajabu zinazochukua nafasi ya kwanza kati ya watu 20. Ile asilimia 20 inayobaki ni haki ya aliyefanya mazoezi.

Shimo lenyewe

Mtu mmoja alipendekeza shimo la 14 lisihesabiwe kabisa. Mjadala huu, wa bahati na ufundi, ni wa zamani kuliko ligi hii. Mwaka 1954 Don Clayton alifungua uwanja wake wa gofu ndogo, Putt-Putt, kule Fayetteville, North Carolina, akiwa amechoshwa na viwanja vya mbwembwe. Akataka mashimo yote yawe ya mapigo mawili na yashindwe kwa ufundi, kwa kugongesha mpira kwenye kingo kwa pembe sahihi. Mwaka huo huo huko Ascona, Uswisi, ulifunguliwa uwanja uliobuniwa na Paul Bongni, wenye njia 18 za vipimo maalumu ili mchezaji wa mji mmoja aweze kulinganishwa na wa mji mwingine. Wote wawili walikuwa wanakimbia bahati.

Lakini mlima wa shimo la 14 si bahati. Una njia, na njia hiyo ilimfaa mtu aliyeonyeshwa. Shimo linalofundishika libaki. Nilichoomba ni kwamba njia ile ya ukingo wa kulia waonyeshwe wote, dakika kumi kabla ya mchezo wa wiki ya nane, na aliyewaonyesha akawa yule kijana.

Uamuzi

Suala zito lilikuwa alama 80. Barua ilitaka zifutwe. Nilishauri zisiguswe, na bado nashikilia hivyo: alizipata kwa kanuni zilizokuwepo, alizozikuta, bila kuficha pigo hata moja. Kamati inayobadilisha matokeo ya jana kwa kanuni ya leo itaombwa kufanya hivyo tena kila mwezi.

Badala yake msimu ukagawanywa. Wiki ya nne hadi ya saba zikawa nusu ya kwanza, wiki ya nane hadi ya kumi na moja nusu ya pili, alama zikianza sifuri kwa wote. Washindi wa nusu mbili wangekutana jioni moja ya ziada kugombea kikombe. Mlalamikiwa akabaki na ushindi wa nusu yake, na bingwa akapata mbio mpya zenye kanuni safi. Kikomo cha 6 na wastani wa michezo mitano vilianza wiki ya nane, kwa kila mtu.

Kuhusu jina la mlalamikiwa, kamati ilitoa taarifa fupi iliyosomwa mbele ya wachezaji wote kabla ya mchezo. Niliomba iwe na zile namba za mashimo 17, 41.7 na 41.5, maana neno "hana hatia" bila namba huacha minong'ono. Iliposomwa, bingwa alikwenda akampa mkono. Mmoja wa waliotia saini hakuridhika na aliacha ligi, watano walibaki.

Lilibaki jambo la wachezaji wapya wanaojiunga katikati ya msimu, ambao hawana mchezo hata mmoja wa kuhesabia. Kamati iliamua handikapu ya jioni ya kwanza ihesabiwe kutokana na mapigo ya jioni hiyo hiyo, kwa kikomo kile kile, na mgeni asiweze kupata alama zaidi ya 10 kwa siku hiyo. Kadi sasa huwekwa mpaka mwisho wa msimu unaofuata, na mwandikaji wa kadi hutia saini pamoja na mwenye mapigo kabla ya kundi kuondoka kwenye shimo la mwisho.